Mpe ufagio wake: namna ya kumshirikisha mtoto mdogo katika kazi za nyumbani

Nilikuwa uani kwetu Makorora, Tanga mjini, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya mchana. Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Akaja, akatia mkono kwenye bakuli la nazi. Nikamtoa. Akarudi, nikamtoa tena, nikamwambia nenda kacheze. Aliporudi mara ya tatu nikamfokea, naye akaenda kukaa kwenye kizingiti, mikono kaiweka mapajani, ananitazama. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huyo hataki kucheza. Anataka kazi." Akamwita mtoto, akampa shina moja la mchicha, akamwonyesha jani linavyokwanyuliwa. Mtoto akakwanyua. Jani moja likaingia kwenye sinia, moja likaanguka chini, moja akalitia mdomoni. Alikaa pale mpaka mchicha ukaisha.

Tangu siku hiyo nimelea kwa namna nyingine, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya kila siku na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu na kidogo. Umri huo mtoto anataka kazi kwa moyo wake wote. Ukimfukuza jikoni akiwa na miaka miwili, utamtafuta akiwa na miaka minane na hutampata, kwa sababu utakuwa umeshamfundisha kwamba kazi ni za mama na yeye mahali pake ni nje.

Mama mkwe aliyajua haya kwa kulea. Wengine wameyapima. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya utafiti Leipzig, Ujerumani, walichapisha katika jarida la Science majaribio yao na watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamponyoka, anajinyoosha hakifikii. Au mikono imejaa magazeti, anataka kuyatia kabatini na milango imefungwa. Watoto 22 kati ya hao 24 walisaidia angalau mara moja. Hakuna aliyewaomba, hakuna aliyewaahidi kitu. Mimi niliposoma habari ya kile kibanio nilimkumbuka mwanangu pale kizingitini.

Hatua ya kwanza: ondoa hatari kabla hujamwita

Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu uani kwetu ndiko kwenye kazi na ndiko kwenye hatari.

Anza na maji. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kuliko tunavyodhani, na anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita tano tu. Niliwahi kutoka ukumbini nikamkuta wangu ameinamia ndoo ya kufulia, kaingiza mikono yote miwili kutafuta soksi, na visigino vimeshaanza kuinuka kutoka chini. Nilimdaka. Mpaka leo ndoo kubwa kwangu ina mfuniko, na ile isiyo na mfuniko inamwagwa kazi ikiisha, haingojewi jioni. Kama uani kwenu kuna kisima, kifunikwe kwa kitu ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Usitegemee kwamba ameshakatazwa.

Kisha mafuta ya taa na dawa za kusafishia. Kosa kubwa ni kuyatia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto anayejifunza kusaidia anajifunza pia kukuletea chupa, kuifungua, na kuionja. Yawe kwenye chombo chake, juu, mahali unapofikia wewe tu. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mafuta yakirudi juu yanaingia mapafuni. Mchukue haraka hospitali, na aliye mjini Tanga anajua njia ya kwenda Bombo.

Jiko la mkaa nimelizungushia duara la chokaa sakafuni, hatua mbili kubwa za mtu mzima kutoka jikoni kila upande. Mtoto haingii ndani ya duara, hata kama mimi nimo. Ilichukua kama wiki mbili za kumrudisha kwa mkono bila kumpiga, na baadaye yeye ndiye akawa anamkataza paka. Akiungua, mahali palipoungua patie kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, halafu pafunike kwa kitambaa safi kikavu na uende kwenye kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, ute wa yai na asali viache vyote, vinazidisha.

La mwisho ni vitu vidogo. Karanga, maharage makavu, choroko, mbegu za ubuyu vinaingia puani na vinaziba koo. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asipewe kuchambua maharage, mpe vitunguu, viazi, machungwa. Maharage yatamngoja mpaka atimize miaka mitatu na zaidi, na hata hapo awe ubavuni kwako.

Hatua ya pili: chagua saa, na uanze mapema

Mtoto mwenye njaa au usingizi hasaidii, analia. Kwangu saa nzuri ni kati ya saa mbili asubuhi na saa nne, ameshakunywa uji na jua halijawa kali. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto la Tanga linamchosha hata mtu mzima, kwa hiyo kazi za uani ziishe kabla ya saa tatu na zilizobaki zihamie ukumbini. Saa mbaya kuliko zote ni magharibi, watu wanarudi, taa zinawashwa, mtoto kachoka na wewe umechoka.

Kazi ya dakika 10 itachukua dakika 25. Uukubali ukweli huo tangu mwanzo, maana wengi wanaacha wiki ya kwanza kwa sababu hii. Nazi uliyozoea kuianza saa tano, ianze saa nne. Na siku ambayo una haraka kweli, kuna mgonjwa anangoja chakula au unawahi basi la Muheza, mwambie mtoto wazi: "Leo nafanya mwenyewe. Kesho tutafanya wote." Kisha kesho utimize. Mtoto wa miaka miwili anakumbuka ahadi.

Hatua ya tatu: mpe kifaa cha kweli cha kimo chake

Vyombo vya kuchezea vya plastiki havifai hapa. Mtoto anajua kabisa kwamba kijiko kile hakipakui chakula. Anachotaka ni chako, lakini chako kinamzidi.

Ufagio utengeneze mwenyewe. Chukua ufagio wa chelewa uliochakaa, ufungue, chagua chelewa nyembamba zisizovunjika. Zikate ziwe na urefu wa mkono wako kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Chukua konzi inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, usizidishe, maana ufagio mnene anauburuta tu. Funga kwa kamba ya mkonge, au kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha, na katika mji huu wa baiskeli mpira kama huo fundi yeyote atakupa bure. Ule upande wa juu wa kushikia uuzungushie kitambaa, uufunge sawasawa, chelewa zisimchome jicho anapoinama. Kazi nzima haichukui robo saa.

Vingine ni rahisi. Kopo la lita moja lenye mshikio badala ya ndoo. Kikombe cha plastiki badala ya kata. Robo ya khanga iliyochakaa kuwa tambara lake. Kikapu kidogo cha ukili. Maria Montessori, daktari wa Italia, alipofungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, aliwawekea meza, viti na vyombo vya kimo chao, na kazi za nyumbani zilikuwa sehemu ya masomo. Sisi wa pwani meza hatuihitaji sana. Tukikaa mkekani, mtoto na bibi yake wamelingana, mikono yote iko juu ya sinia moja.

Hatua ya nne: onyesha, kisha nyamaza

Fanya mara moja polepole mbele yake. Sema "tazama", basi, maneno mengi yanamchanganya. Halafu toa mikono yako. Hapa ndipo sisi wazazi tunaposhindwa, tunamwachia sekunde tatu kisha tunamnyang'anya: "Siyo hivyo, lete hapa." Kalia mikono yako ikibidi.

Kazi iwe na mwanzo na mwisho anaouona kwa macho. "Fagia uani" ni kubwa kama bahari kwa mtoto wa miaka miwili. Mimi nachora mstari mchangani kwa kisigino, kutoka kizingitini mpaka kwenye mpera, na mwingine pembeni yake. Ndani ya ile mistari ni pake. Akifika mperani anajua amemaliza, hutakuwa na haja ya kumwambia.

Na kazi iwe ya kweli. Usimpe mchele uliokwisha kuoshwa aoshe tena ili asikusumbue. Siku atakapoona wali uliopikwa ni wa sufuria nyingine, imani imekwisha.

Hatua ya tano: kazi zenyewe

Nianze na nazi, kwa kuwa nyumba nyingi za Tanga hazipitishi siku bila nazi. Mbuzi ina meno makali, mtoto haisogelei, na ukimaliza kukuna ikunje uiweke juu papo hapo. Kazi yake inaanza baada ya hapo. Wewe kamua tui la kwanza, lile zito, kwa sababu hilo hutaki limwagike. Kisha mwambie anawe mikono, akae mbele ya bakuli, atie maji kwa kikombe chake, kikombe kimoja, viwili. Maji yawe ya uvuguvugu tu, uyajaribu kwanza kwa kiwiko. Mwache afinye. Utaona vidole vinazama kwenye nazi, anafumba ngumi, tui linampenya katikati ya vidole na kushuka mpaka kiwikoni, anasimama kidogo kuutazama mkono, anaulamba, anafinya tena. Hilo tui la pili analolitoa linatumika kweli, ndilo linalochemshia mchicha au samaki kabla ya zito kutiwa. Kifumbu kishike wewe, yeye amimine humo kwa kikombe. Mwisho mpe machicha kwenye kopo akawarushie kuku. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ndiyo sehemu tamu ya kazi nzima, na uani unabaki safi.

Kuosha mchele anaweza kuanzia miezi 18. Kuchagua mawe bado, macho yake hayajatulia kiasi hicho, hiyo fanya mwenyewe. Apime kwa kikombe: kimoja, viwili, vitatu, mnahesabu wote. Tia maji, mwache azungushe kwa mkono. Maji ya kwanza yanatoka meupe kama maziwa na hilo linamshangaza kila siku upya. Unamimina wewe, maji yanaingia kwenye kopo lake, anayapeleka kwenye mpapai. Nusu yatamwagika njiani. Mchele unaoshwa mara tatu kwetu, ya kwanza na ya pili ni zake, ya tatu ni yangu. Kwa mpango huo sina haja ya kurudia kazi yake mbele ya macho yake, na wali hauna mchanga.

Mboga za majani nimeshazitaja. Mchicha ndio mwalimu bora kwa sababu jani linatoka kirahisi na hakuna kisu. Matembele pia. Kisamvu ni kigumu, na kukitwanga si kazi ya mtoto, mchi na vidole vidogo haviendi pamoja. Akitimiza miaka mitatu anaweza kumenya kitunguu saumu ukikivunja kwanza kwa ubapa wa kisu, na anaweza kubonyeza donge la unga wa chapati kwa kiganja ukalimalizia wewe kulisukuma.

Kufua. Maji ya sabuni na ya dawa ya madoa ni yako. Beseni la mwisho, la maji masafi ya kusuuzia, lijaze kidogo tu, ndilo lake, na usibanduke hapo. Atie soksi, azikandamize, azitoe, akupe. Kisha funga kamba ya pili chini ya ile ya kuanikia, usawa wa kifua chake, ukiwa nayo karibu, na uifungue mkimaliza, kwa kuwa kamba inayoning'inia inaweza kumnasa shingoni. Hapo anaanika nguo zake mwenyewe. Atazitundika kama matambara, mkono mmoja juu mwingine chini. Ziache hivyohivyo. Zitakauka, jua la Tanga halichagui. Kuanua jioni anaweza zaidi kuliko kuanika, na kutenganisha nguo za nani ni za nani ni mchezo anaoupenda: "Ya baba iko wapi? Ya bibi?"

Kufagia uani kuna siri moja. Kabla ya kufagia tunanyunyiza maji vumbi lisipande, na kunyunyiza ndiko mtoto anakokuweza kuliko kufagia kwenyewe. Mpe kopo, achovye mkono, arushe. Usishangae akijimwagia. Halafu ndipo achukue ufagio wake aingie kwenye mistari.

Sokoni nenda naye asubuhi, na awe na kikapu chake. Pale Mgandini namnunulia machungwa mawili, ndimu tatu, na hayo ni mzigo wake mpaka nyumbani. Muuzaji namwomba ampe mtoto mkononi, naye mtoto anasema "shikamoo" na "asante" kwa sababu ana biashara naye. Barabarani mkono wake hauachiwi hata hatua moja, bodaboda hazina breki za huruma. Akichoka kikapu unakibeba wewe, na haidhuru.

Chakula kikiiva, kutandika mkeka na kupanga vijiko ni vyake. Sahani ya plastiki moja moja: "Peleka ya babu." Anarudi. "Peleka ya shangazi." Kumnawisha mgeni kwa birika bado ni kuzito, lakini kusimama na taulo begani na kumpa mgeni akimaliza kunawa anaweza, na mgeni atamwombea dua hapohapo. Mwezi wa Ramadhani kwangu mtoto mdogo ndiye anayepeleka kisahani cha tende barazani jua likikaribia kuzama. Tende tatu zilianguka mwaka huo wa kwanza. Babu yake aliziokota, akazipangusa, akafungua nazo.

Na baba asibaki nje ya haya. Anapotengeneza baiskeli, mtoto amshikie tambara, ampe spana anayoambiwa, apanguse mataruma. Kimoja cha kuchunga ni mnyororo: vidole vikae mbali na mnyororo na gurudumu linalozunguka, baiskeli ikipinduliwa mtoto akae upande usio na mnyororo.

Hatua ya sita: akimwaga, akivunja

Atamwaga. Usipige kelele, usikimbilie. Mpe tambara lake, uwe na lako, mpanguse wote. Mwanzo atasambaza tu maji yawe mengi zaidi sakafuni. Baada ya muda ataanza kulifuata tambara mwenyewe kabla hujasema, na hiyo nayo ni kazi ameijua.

Kikivunjika chombo cha udongo au cha kioo, mambo ni tofauti: mnyanyue kwanza, mweke mbali, okota wewe peke yako. Kisha ujiulize kwa nini kioo kilikuwa mkononi mwake.

Kufagia tena alipofagia, kukunja tena alichokunja, subiri alale. Mtoto akikuona unarudia kazi yake anaelewa vizuri kabisa ulichosema, ingawa hukufungua mdomo.

Hatua ya saba: malipo

Pipi hapana. Najua ni rahisi, na bibi wengi wanaipenda. Lakini walewale Warneken na Tomasello walirudi mwaka 2008 na jaribio jingine, watoto wa miezi 20. Waliozawadiwa kitu kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma, kuliko wale waliosifiwa kwa maneno au ambao hawakupewa chochote. Hamu ilikuwa yao wenyewe, zawadi ikaigeuza biashara.

Mimi nasema "asante", na nasema alichofanya: "Asante, umenisuuzia soksi." Simwambii mchele umetakata kama haujatakata. Na mchana tukikaa kula namwambia baba yake, mtoto akisikia, "Mchele huu kauosha mwanao." Baba anachukua tonge, anaitikia. Mtoto anakula wali siku hiyo kuliko siku zote.

Hatua ya nane: patana na wenzako nyumbani

Kazi hii haifaulu kama mmoja anamwita mtoto na mwingine anamfukuza. Bibi wengine wanasema unamtesa mtoto, watoto hucheza. Usibishane nao. Mkalishe bibi karibu siku moja mtoto anapokamua tui, mwenyewe ataona uso wake.

Dada anayekusaidia kazi naye aambiwe, kwa heshima. Yeye anapimwa kwa muda: chakula kimeiva saa ngapi, nguo zimeanikwa lini. Ukimtaka amshirikishe mtoto halafu ukamlaumu kwa kuchelewa, atamfukuza mtoto ukiwa haupo, na hatakuwa amekosa. Mwambie, "Dada, saa mbili mpaka saa nne fanyeni taratibu, chakula kikichelewa ni mimi nimesema." Kama huwezi kumpa ruhusa hiyo, basi kazi ya mtoto ingoje siku uliyo nyumbani.

Mtoto wa kiume aingie jikoni sawa na wa kike. Nimesikia yote yanayosemwa kuhusu hilo. Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, nami sikuwahi kumwita kwenye kazi akiwa mdogo, nikidhani zamu ya dada zake itakuja. Sasa kumfanya aoshe kikombe chake mwenyewe ni kazi kubwa, na hilo kosa ni langu, si lake.

Mipaka iwepo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto asiajiriwe kabla ya miaka 14, hata kwa kazi nyepesi. Kuajiri ni jambo jingine, lakini kipimo changu cha nyumbani kinafanana na hicho: kazi isimtegemee mtoto. Asipokuja leo, wali uive vilevile. Mtoto wa miaka mitatu hatumwi dukani peke yake, hapewi kichanga kulea, habebeshwi ndoo, haamshwi usingizini afagie.

Siku atakayosema "sitaki"

Itakuja, na mara nyingi inakuja karibu na miaka miwili na nusu, wakati kila neno ni "sitaki". Usimlazimishe wala usimwite mvivu. Mwambie "haya", na uendelee na kazi yako palepale anapokuona. Imba kama una desturi ya kuimba. Wangu wa tatu aligoma siku nne mfululizo. Siku ya tano nilikuwa nakwanyua matembele, sikumwita, akaja akakaa pembeni, akavuta shina moja kutoka kwenye rundo bila kunitazama. Nikasogeza sinia kidogo upande wake. Hatukusemezana mpaka tulipomaliza.

Ikiwa amekataa kazi moja tu kila mara, ibadilishe. Labda maji ni ya baridi, labda ufagio unamchoma, labda jogoo wa jirani anamtisha pale uani. Mtoto hana maneno ya kueleza hayo, uyatafute wewe.

Kazi ikiisha, vifaa vinarudi mahali pake na yeye ndiye anayevirudisha. Kopo linapinduliwa chini likauke, tambara linatundikwa, kikapu kinaingia ukumbini. Ufagio wake uutie kitanzi cha kamba fupi, utafute kijiti cha mbao ukutani usawa wa bega lake, si msumari, asije akajichoma. Mwonyeshe mara moja namna ya kuning'iniza. Wangu huwa anarudi mara mbili kuhakikisha bado upo, kisha ndipo anakubali kuogeshwa. Asubuhi, kabla sijawasha jiko, nasikia chelewa zinakwaruza ukuta, ameshautoa.